Mount Gelai na Mikono Inayojua Kuiwasha

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi na familia za wafanyakazi wa reli, kwenye uwanja wa Makumbusho ya Reli, Nairobi

Wazee wangu wa reli, akina mama mliolelewa landi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, za Muthurwa na Makongeni, walimu, na nyinyi vijana mliokuja na ovaroli zenu, karibuni. Wazee, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie historia, lakini mimi ni fundi wa boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke. Kwa hiyo mtanivumilia nikikaa sana tumboni mwa injini na kuzipita tarehe mbio.

Injini iliyo nyuma yangu ni namba 5918, Mount Gelai. Mlima wenyewe uko Tanzania, wilaya ya Longido, kando ya Ziwa Natron, na kwa ndege anayeruka moja kwa moja uko karibu na hapa kuliko Mombasa. Ile nyingine ni 5930, Mount Shengena, mlima wa Upare Kusini. Injini za daraja hili la 59 ziliundwa 34, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Kenya, Meru, Elgon, Rungwe, Muhavura, Kilimanjaro. Zimebaki mbili, na bahati imetaka zote mbili ziwe na majina ya milima ya Tanzania huku zikiegeshwa Nairobi. Watani wetu wa ng'ambo ya Namanga wakifika hapa huniuliza tutawarudishia lini milima yao. Mimi huwajibu walipe kwanza ushuru wa kuegesha tangu 1977.

Tuanze na sababu ya kununuliwa kwake, maana mashine haieleweki mpaka ujue iliitwa kufanya nini. Baada ya vita vya pili vya dunia, bandari ya Kilindini ilizidiwa. Meli zilileta mashine, magari, saruji na vyuma vya kujengea Kenya na Uganda, na kutoka bara kahawa na pamba zilingoja kushuka. Katikati palikuwa na njia moja tu ya reli, ile iliyoanza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Upana wake ni mita moja. Treni mbili zikikutana, moja huingia kando stesheni na kungoja. Ukijaza treni nyingi kwenye njia ya namna hiyo, unazidisha kungojana tu. Dawa iliyopatikana ni kuifanya kila treni iwe nzito zaidi, na treni nzito inataka kichwa chenye nguvu. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki, lililozaliwa mwaka 1948, liliagiza injini hizi kwa Beyer, Peacock wa Manchester, nazo zikaletwa 1955 na 1956.

Kazi waliyopewa ilikuwa hii: kutoka usawa wa bahari, pandisha treni ya tani 1,200 hadi Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu, umbali wa kilomita 530, pengine kwenye mwinuko unaopanda mita moja na nusu kwa kila mita mia. Kwa macho ya mpita njia mwinuko huo si kitu. Kwa chuma kinachokanyaga chuma, ni mlima.

Sasa vijana, sogeeni tuitazame ilivyoundwa. Injini ya kawaida ya mvuke huweka boila juu ya magurudumu, kwa hiyo reli ikiwa nyembamba na boila nalo linabanwa. Mwingereza mmoja, Herbert William Garratt, aliomba hataza, yaani haki ya mbunifu, mwaka 1907 kwa wazo la kulitoa boila juu ya magurudumu kabisa na kulining'iniza katikati ya injini mbili, kama mgonjwa kwenye machela inayobebwa na watu wawili. Yule wa mbele akikata kona, machela inafuata, na wa nyuma anafuata machela. Hapa mbele mnaona tangi la maji juu ya injini ya kwanza. Nyuma kule kuna mafuta na maji mengine juu ya injini ya pili. Katikati, chini ya boila, inama uangalie: hakuna gurudumu hata moja. Nafasi hiyo ndiyo iliyomruhusu mchoraji kulinenepesha boila na kulishusha tanuri anavyotaka. Boila la Gelai lina kipenyo cha takriban mita 2.3, nalo linapita juu ya reli zilizoachana mita 1. Mara zaidi ya mbili! Mara ya kwanza kupima kwa futi yangu mwenyewe nilidhani nimesoma upande wa inchi.

Magurudumu ya kuvuta ni 16, manane kila upande, na madogo ya kuongoza na kubeba ni 12. Silinda ni nne. Urefu wote ni karibu mita 32, na ikiwa imejaa maji na mafuta uzito wake ni tani 252. Ilibeba zaidi ya lita 39,000 za maji na lita 12,000 za mafuta mazito. Nguvu yake ya kuvuta imeandikwa paundi 83,350, na duniani kote, kwenye reli za mita moja, hapajawahi kuundwa injini ya mvuke yenye nguvu kuizidi. Nairudia hii kwa sababu watoto wetu hukua wakidhani kila kikubwa kiko ng'ambo. Ni kweli iliundwa ng'ambo. Lakini huko ilikoundwa isingeweza kukanyaga reli, maana reli zao ni pana kuliko hizi. Iliundwa kwa ajili ya Mazeras, Voi na Mtito Andei.

Wazee mnaicheka dohani yake bapa, naona. Hiyo nayo ina sababu. Mvuke uliokwisha kazi kwenye silinda hutupwa juu kupitia dohani, na ukitoka kwa kasi huvuta hewa ya moto kutoka tanuri, ikapita kwenye mirija ya boila. Kadiri injini inavyofanya kazi ngumu, ndivyo inavyojipulizia moto wake. Mhandisi wa Austria, Adolf Giesl-Gieslingen, alibuni njia ya kuugawa mvuke huo kwenye vitundu vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, ukapata mvuto zaidi kwa hasara kidogo. Mstari ndio ulioibana dohani ikawa bapa. Daraja la 59 lilifungwa vifaa hivyo. Wapo waliosema imeharibu sura. Mimi sura siijui, najua mafuta yalivyopungua.

Ubaya wake pia niutaje, maana tukisifu tu tutakuwa wachuuzi. Uzito unaokandamiza magurudumu ya kuvuta unatokana kwa sehemu na maji na mafuta, na hivyo ndivyo vinavyoliwa njiani. Kadiri safari inavyosonga injini inakuwa nyepesi, na penye umande au mvua ya manyunyu magurudumu yanaanza kuzunguka bure. Tena injini ya mbele na ya nyuma hazijaunganishwa kwa chuma, zinaunganishwa na mvuke tu. Moja inaweza kuteleza na nyingine ikashika. Dereva mzuri alijua kwa sikio ni ipi iliyoteleza. Hata zikienda sawa, pumzi zake huungana, zikaachana taratibu, kisha zikaungana tena, na waliolala karibu na reli miaka ile wanaijua sauti hiyo.

Jikoni mwa injini walikaa dereva na faiamani. Msimfikirie faiamani wa sinema anayetupa makaa kwa sepetu. Hapa moto ulikuwa wa mafuta mazito, yale meusi ambayo yakipoa yanakuwa kama lami. Lazima yapashwe moto ndipo yatiririke, na kwenye kichomeo hupulizwa kwa mvuke yawe mvua nyembamba inayowaka. Kazi ya faiamani ilikuwa ya jicho: dohani ikitoa moshi mweusi, mafuta yanapotea, ikiwa safi kabisa, hewa imezidi na boila linapoa. Alitaka ukungu mwepesi katikati ya hayo mawili, kilomita baada ya kilomita. Masizi yakijaa kwenye mirija, alirusha mchanga ndani ya tanuri wakati injini inavuta kwa nguvu, ukapita ukikwangua mpaka nje. Hapo ndipo mama zenu walipoanua nguo kambani kwa hasira.

Lakini la kwanza kabla ya moto ni maji. Paa la tanuri liko ndani ya boila, na juu yake lazima maji yalale muda wote. Maji yakishuka chini ya paa hilo, chuma kinapata moto upande mmoja bila cha kukipoza upande wa pili, kinalegea, na shinikizo la paundi 225 kwa kila inchi ya mraba linafanya lililobaki. Ndiyo maana pamewekwa plagi za madini ya risasi zinazoyeyuka na kutoa onyo. Na ndiyo maana nikiwafundisha vijana, wiki ya kwanza hawagusi kitu. Wanasoma kioo cha maji.

Safari ya kilomita 530 ilizidi zamu ya watu wawili. Kwa hiyo makundi mawili yalisafiri pamoja: moja likiendesha, jingine likilala na kupika kwenye behewa lao maalumu, kisha wakabadilishana. Madereva wa zamani walikuwa Wazungu, kisha Kalasinga wengi, na Waafrika waliachiwa kiti hicho wakiwa wamecheleweshwa kwa makusudi. Mishahara na nyumba vilipangwa kwa rangi. Hili sitalipaka rangi nyekundu ya kupendeza kama injini. Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947 uliwachukua watu wa reli pamoja na wa bandari, na mwaka 1959, injini hizi zikiwa bado changa, chama cha wafanyakazi Waafrika wa reli kiligoma tena. Watu walioifanya Gelai ipande hadi Nairobi walikuwa pia watu wanaopigania mshahara wao, na nyumba ya makumbusho inayoonyesha shaba iliyong'aa bila kusema nani aliing'arisha na alilipwa kiasi gani imefanya nusu ya kazi.

Kung'arisha kwenyewe kulikuwa ushindani. Injini ilikabidhiwa kwa madereva wake, nao waliijali kama mali yao. Gelai ilikuwa mojawapo ya zilizopendezeshwa kupita kiasi, hadi ndani ya chumba cha dereva. Na ukipita Makindu leo, gurdwara, hekalu la Kalasinga, iliyojengwa 1926 na watu wa reli bado inampa chakula kila anayeingia, bila kumuuliza dini wala kabila. Nami nimekula pale mara nyingi.

Mwisho wake ulikuja kwa dizeli. Dizeli kubwa zilianza kuonekana kwenye njia hii tangu 1960, na nyingine zikaongezeka mapema miaka ya 1970. Dizeli unaiwasha ikaenda. Mvuke unaubembeleza usiku kucha. Daraja la 59 lilianza kuondolewa 1973, na katikati ya kuondolewa huko Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mwaka 1977, shirika la reli likagawanywa na kila nchi ikakumbatia vyuma vyake. Kufikia 1980 zote zilikuwa nje ya kazi. Mimi niliingia kama mwanafunzi wa ufundi wakati ambao mvuke ulikuwa unakwisha, nikapelekwa kwenye boila kwa sababu nilikuwa mwembamba. Maji ya sehemu kame yana chumvi, huacha ukoko kwenye mabati na mirija kama ule wa birika, na lazima mtu aingie ndani na kuukwangua. Elimu yangu yote ya mvuke ilianzia ndani ya tumbo la chuma, taa mkononi.

Makumbusho haya yalikuwa yameshafunguliwa tangu 1971, shirika likiwa bado la nchi zote. Hivyo ndivyo mbili hizi zilivyopona kisu cha skrepa. Na mwaka 2001 Gelai ilifufuliwa, ikawashwa, ikatoka kuvuta safari za watalii. Uwanja huu una reli inayoungana na njia kuu, jambo ambalo makumbusho mengi duniani hayana. Nawaomba mlishike hilo, nitalirudia.

Kuifufua injini ya ukubwa huu ni nini hasa? Watu huuliza kama ni rangi. Rangi ni siku chache. Kwanza ni kulivua boila nguo. Injini za enzi zile mara nyingi zilifungwa asbesto ili joto lisipotee, na vumbi lake linaua mapafu taratibu. Hakuna kijana atakayegusa koti la boila hapa bila watu wenye vifaa kulipima na kulitoa. Baada ya hapo unapima unene wa kila bati kwa mawimbi ya sauti, unaangalia boliti zinazoshikilia tanuri, unang'oa mirija na kutia mipya. Kisha unalijaza maji baridi na kulisukuma kupita shinikizo la kazi. Maji baridi, kwa sababu likipasuka linavuja tu, halilipuki. Mkaguzi akiridhika ndipo unafikiria moto.

Vipuri havinunuliwi. Kiwanda cha Gorton kule Manchester kilifungwa 1966. Kila kilichochakaa kinafanyiwa kielelezo cha mbao, kinamiminwa na kukerezwa upya. Hili halinitishi hata kidogo katika mji wenye mafundi wa Kamukunji na Gikomba. Kinachonitisha ni kwamba mwenye kukereza ataniuliza nafasi iachwe kiasi gani kati ya beringi na ekseli, na mtu anayejua jibu ana miaka themanini na simu yake haishiki.

Kuhusu gharama sitawadanganya. Uingereza walitumia takriban pauni milioni 4.2 kuifufua Flying Scotsman, kazi iliyokamilika 2016, na hiyo ni injini ndogo kuliko hii. Lakini pia wapo wengine: injini ya kwanza kabisa ya muundo huu wa Garratt, K1, iliyoundwa 1909 kwa ajili ya Tasmania, ilirudishwa Uingereza na ikafufuliwa huko Wales, sehemu kubwa kwa juhudi za watu wa kujitolea. Karibu miaka mia tangu iundwe, ikatoa mvuke tena.

Kuna jambo dogo la karakana ambalo nataka wafadhili walisikie. Injini ya mafuta ikiwa baridi haiwezi kujiwasha. Kichomeo kinahitaji mvuke, na mvuke bado haupo. Zamani shedini ilikuwa rahisi: jirani aliye moto anakuazima wake kwa bomba, saa zinapita, unapata wako. Leo hakuna jirani. Tunaanza kwa kuni, au hewa ya kompresa, polepole, maana boila kubwa likipashwa kwa haraka upande mmoja unatanuka kabla ya mwingine na viungo vinalia. Kwenye kitabu jambo hilo linaandikwa mstari mmoja. Kulifanya bila kuumiza chuma kunataka mtu aliyeshika mkono wa mtu aliyewahi kulifanya.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua baadhi ya viongozi walioketi hapa hawatakubaliana nami, ni huu. Fedha ya kwanza isiende kwenye rangi, wala kwenye mgahawa, wala kwenye mabango. Iende kwenye posho za wastaafu na posho za wanafunzi, wakae pamoja juu ya injini hii kwa mwaka mzima, hata kama katika mwaka huo haitatoa mvuke. Mount Shengena ibaki ya kutazamwa: itiwe paa, imwagwe maji yote, ipakwe grisi, vitu vya shaba vifungwe kabla wezi wa skrepa hawajavifuata. Mount Gelai iwe darasa. Tusitake ziende zote mbili. Tukitaka zote mbili tutakosa zote mbili.

Na ile reli inayotuunganisha na njia kuu isiguswe. Treni ya SGR tangu 2017 inapita kwenye njia yake ya milimita 1,435, Gelai haiwezi kuikanyaga. Eneo hili lote la stesheni limepangiwa ujenzi mpya wa mji wa reli. Sipingi majengo. Nasema tu, kipande cha reli chenye pointi mbili za kubadilishia njia kikifukiwa chini ya maegesho ya magari, hakuna atakayekifukua, na injini iliyo hai itakuwa imefungiwa uani milele.

Wazee, kabla hamjaondoka, kuna meza pale chini ya mwarobaini na kijana mwenye kinasa sauti. Mwambieni mlivyojua kwamba beringi inapata moto, mlivyoikamata 59 ikiteleza karibu na Mariakani, mlivyopima mchanga wa kurusha tanurini. Mwenye daftari la zamani, picha au karatasi ya zamu alete. Tutapiga picha hapo hapo na kumrudishia mkononi. Hata ugomvi na msimamizi tunauchukua.

Vijana, tutapanda chumba cha dereva wanne wanne, kila kundi na mzee mmoja. Mzee anapanda kwanza na anakaa upande wa kulia. Shikeni vyuma kwa tambara, jua limevichoma. Msikanyage mabomba ya mafuta, msifungue valvu yoyote, na swali la kwanza nitakalowauliza mkishuka ni kioo cha maji kiko wapi na viko vingapi.